Breki za Hilux ya mjomba, na zilikotoka

Testi imeisha, bumu halijatoka, kwa hiyo leo nipo rumu naandika. Mada ni breki. Ndiyo, breki za gari. Sisi wa Historia tunaruhusiwa kugusa kila kitu, hehehe.

Chanzo ni simu ya mjomba wangu wa Kwakoa. Kwa msiopajua, Kwakoa ipo wilaya ya Mwanga, ile iliyokatwa kutoka Pare mwaka 1979, huko bondeni mashariki ya milima ya Pare Kaskazini. Mjomba ana pikapu, Hilux. Anapanda milimani na mahindi, anashuka na ndizi. Shida yake ni kwamba akikaribia chini pedali inazama, na magurudumu ya mbele yananuka kama kitu kinaungua. Fundi mmoja kamwambia dawa ni kung'oa dramu za nyuma na kuweka diski. Bei aliyotajiwa inakaribia ada ya mwaka mzima ya binamu yangu. Mjomba akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi. Hizo diski ni kitu gani hasa mpaka nimkosesha mtoto ada?"

Swali zito hilo. Nikaingia maktaba.

Kumbe breki tangu mwanzo ni habari ya milima. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood, huko Derbyshire kwenye vilima, aliona wenye mikokoteni wakifunga viatu vikuukuu kwenye breki za mbao ili mkokoteni usiwakimbie mteremkoni. Akaanza kutengeneza kitu bora cha kusugulia, na hapo ndipo Ferodo ilipozaliwa. Diski nazo si za juzi. Frederick Lanchester alizipatia hataza mwaka 1902, mwaka uleule ambao Louis Renault naye alikuja na dramu. Dramu ikashinda. Mojawapo ya sababu ni kwamba barabara za wakati ule zilikuwa vumbi tupu, na vumbi likazila pedi za shaba za Lanchester. (Mtu wa Kwakoa hapo haelezwi zaidi.) Dramu imefungwa kama sufuria yenye kifuniko, vumbi haliingii ovyo. Halafu Malcolm Loughead, Mmarekani, akaleta breki za mafuta mwaka 1917, na mwaka 1921 zikawekwa kwenye magurudumu yote manne ya gari la Duesenberg.

Diski zilirudi kwa kishindo mwaka 1953, Jaguar iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans ikiwa nazo. Siri yake ni joto. Dramu ikipata moto inatanuka na kuzikimbia breki shuu, wakati diski ipo wazi inapigwa na upepo. Mimi na jamaa yangu wa CoET tulipiga hesabu: gari na mzigo tani 2.5, likishuka mita 500 za wima bila msaada wa injini, breki zinabeba joto la megajuli 12 na kidogo. Joto hilo linachemsha lita 36 za maji, yaani karibu ndoo mbili kubwa, kila safari!

Sasa pikapu ndiyo iliyochelewa kuliko wote. Land Rover 109, ambazo wazee wetu walipandia milima, zilikuwa na dramu pande zote nne mpaka uzalishaji wa Series III ulipokoma mwaka 1985. Diski za mbele zilikuja na One Ten ya 1983. Hata Hilux za kizazi kilichoanza 2015, nyingi zilitoka na dramu nyuma. Si ushamba wa Wajapani. Pikapu tupu ina mkia mwepesi, ukiipa breki kali nyuma inateleza. Ndiyo maana Hilux nyingi zina vali yenye mkono ulioshikana na ekseli ya nyuma. Mzigo ukiwa mkubwa bodi inashuka, vali inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Gari likiwa tupu, inapunguza.

Hapo nikashtuka. Nikampigia mjomba nikamuuliza kama ameongeza majani ya springi. Akajibu kwa fahari, "Matatu!" Basi bwana, bodi imeinuka, vali inadhani gari ni tupu siku zote, breki za nyuma hazifanyi kazi ya maana, za mbele zinabeba kila kitu. Ukimwekea diski nyuma, vali ileile itazinyima nguvu vilevile.

Lingine ni mafuta ya breki. Yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka kuna mvuke kwenye paipu, na mvuke unabonyea. Ndiyo hiyo pedali kuzama! Yake yalikuwa hayajabadilishwa tangu anunue gari.

Msinione nafanya mzaha na haya mambo. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni, Arusha, lori lililofeli breki liliua watu 25. Na mjomba hubeba watu juu ya ndizi, ingawa tumemsema sana.

Alichofanya mpaka sasa: pedi mpya mbele, breki shuu mpya nyuma, mafuta mapya na kutoa upepo, vali ikarekebishwa kulingana na urefu mpya wa bodi. Na gia aliyopandia ndiyo anayoshukia, hakuna tena nyutro za kubania mafuta. Anasema sasa anafika chini na pedali iko juu, harufu hakuna. Ada imelipwa.

Diski hajazikataa moja kwa moja. Ila zile alizooneshwa na fundi hazikuwa na hendibreki, na utingo wake kagoma kabisa kurudia maisha ya kuruka na gogo kila gari likisimama mlimani.