Sigara za kielektroniki: Yampasayo abiria kujua kabla ya kuabiri ndege

ABIRIA atokaye Kapsoit kwenda ng'ambo huwa na njia mbili. Ama atateremka kwa matatu kupitia Awasi na Ahero hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kisumu na kuunganisha safari jijini Nairobi, ama atapanda gari la kupitia Kericho na Nakuru hadi Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA). Njia yoyote atakayoifuata itamfikisha mbele ya mtambo ule ule wa eksirei wa kukagulia mizigo.

Hapo ndipo kifaa kisichozidi urefu wa kalamu kinapoweza kumchelewesha, kumtia hasara au, katika baadhi ya nchi, kumfikisha mikononi mwa polisi. Kifaa chenyewe ni sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wengi huiita vepu.

Kanuni zinazohusu kifaa hiki si nyingi wala si ngumu. Tatizo ni kuwa zinakwenda kinyume cha mazoea. Msafiri wa kawaida hudhani kwamba kitu chenye hatari hufaa kufungwa ndani kabisa ya sanduku, mbali na watu. Kwa sigara ya kielektroniki, sanduku ndilo mahali pasipofaa.

Mkononi, si sandukuni

Kanuni ya kwanza, na iliyo kuu, ni hii: sigara ya kielektroniki hairuhusiwi katika mzigo unaopakiwa tumboni mwa ndege. Abiria sharti aibebe katika mkoba wa mkononi au mfukoni.

Marufuku haya yalitangazwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) mwaka wa 2015, na ndiyo yanayofuatwa na mashirika ya ndege ulimwenguni, yakiwemo yanayohudumu humu nchini. Hayatofautishi kifaa cha bei kubwa na kile cha kutumiwa mara moja na kutupwa. Almradi kina betri na waya wa kupashia moto, kanuni ni ile ile.

Mwenye kifaa anatakiwa pia kuhakikisha kwamba hakiwezi kujiwasha chenyewe. Vifaa vingi vyenye kitufe huzimwa kabisa kwa kukibonyeza mara kadhaa mfululizo. Vile ambavyo betri yake huondolewa, ni heri kuitoa na kuifunga kando.

Tahadhari moja husahauliwa na wengi. Katika ndege ndogo za rafadha, kama zile zinazosafiri kati ya Kisumu na Nairobi, nafasi ya mikoba juu ya viti ni finyu. Pengine abiria ataombwa langoni autoe mkoba wake ukapakiwe chini pamoja na masanduku. Ikiwa hivyo, anapaswa kutoa sigara ya kielektroniki, betri za akiba na chaja ya kubebeka kabla ya kuukabidhi mkoba huo, hata kama foleni nyuma yake inanung'unika.

Kiini cha hatari

Sigara ya kielektroniki ilibuniwa nchini Uchina mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mfamasia aitwaye Hon Lik. Badala ya kuchoma tumbaku, betri hupasha moto waya mdogo, nao ukageuza kimiminika chenye nikotini kuwa mvuke. Betri yenyewe ni ya lithiamu, jamii ile ile itumikayo katika simu na tarakilishi.

Betri ya aina hiyo ikipondwa, ikiwa na kasoro ya kiwandani au ncha zake zikigusana na chuma, huweza kupata joto lisilozuilika. Joto la seli moja huiwasha ya pili, na ya pili ikaiwasha ya tatu. Gesi iliyomo katika mitambo ya kuzimia moto tumboni mwa ndege huweza kudidimiza miali, lakini haikomeshi mfululizo huo wa joto ndani ya betri. Moto huo ukitokea mbele ya abiria, wahudumu hukiwahi kifaa kwa kizima-moto na kisha kukipoza kwa maji mengi. Ukitokea chini kwenye masanduku, hakuna wa kuufikia.

Matukio mawili nchini Marekani ndiyo yaliyoharakisha marufuku hayo. Mnamo Agosti 2014, moto ulizuka katika mzigo uliokuwa umepakiwa ndegeni katika uwanja wa Logan mjini Boston, na chanzo kikabainika kuwa sigara ya kielektroniki. Januari 2015, sanduku lililochelewa kuunganishwa na ndege yake lilipatikana likiungua katika uwanja wa Los Angeles. Chanzo kilikuwa kile kile. Lau sanduku hilo lingewahi safari, lingewaka angani.

Somo zito zaidi lilikuwa limekwisha kutolewa katika eneo la Ghuba. Mnamo Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS aina ya Boeing 747 ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka katika shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Marubani wote wawili walifariki. Tangu Aprili 2016, ICAO ilipiga marufuku betri za lithiamu-ioni kusafirishwa kama shehena katika ndege za abiria.

Betri za akiba

Betri ya akiba nayo ni ya mkononi tu. Kila moja ifungwe peke yake: katika kisanduku chake cha plastiki, au ncha zake zifunikwe kwa utepe wa gundi. Kuitupa mfukoni pamoja na funguo na sarafu ni kuutafuta moto.

Kipimo kinachotumika ni wati kwa saa. Kukipata, zidisha volti za betri kwa miliampea zake, kisha ugawe kwa 1,000. Betri ya volti 3.7 yenye miliampea 2,500 hutoa wati 9.25 kwa saa, kiasi kidogo mno. Kikomo cha kawaida ni wati 100 kwa saa. Kati ya 100 na 160, abiria huhitaji idhini ya shirika la ndege na hawezi kubeba zaidi ya betri mbili za akiba. Zaidi ya 160 haziruhusiwi. Kwa hesabu hiyo, chaja ya kubebeka ya miliampea 20,000, ambayo kwa volti 3.7 hutoa wati 74, imo ndani ya kiwango. Lakini haiwezi kwenda sandukuni.

Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyorejeshwa na mtengenezaji kwa sababu ya kasoro haifai kusafirishwa kabisa.

Kimiminika na kibuyu cha mursik

Familia nyingi za Kericho na Bomet zinapomsindikiza mwana wao ng'ambo humfungia mursik. Maziwa hayo huenda tumboni mwa ndege, kwa kuwa katika safari za kimataifa, kwa kawaida kimiminika cha zaidi ya mililita 100 hakiruhusiwi kupita ukaguzi mkononi. Kanuni hiyo ilitokana na njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji iliyofichuliwa jijini London mnamo Agosti 2006. Hata hivyo, anayekwenda Ulaya afahamu kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nchi kama Kenya kuingiza maziwa, hata yakiwa ya kunywa mwenyewe.

Kimiminika cha sigara ya kielektroniki hufuata kanuni iyo hiyo ya mililita 100. Chupa yake isizidi kiasi hicho, nayo iwekwe katika mfuko angavu wa lita moja pamoja na dawa ya meno, mafuta na manukato. Kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa, si kiasi kilichomo. Chupa ya mililita 200 iliyojaa robo tu itatwaliwa.

Hivyo basi, abiria mmoja atagawa vitu vyake pande mbili: kibuyu chini, kifaa chenye betri juu. Anayevibadilisha mahali hupoteza vyote viwili.

Jambo jingine ni kuvuja. Hewa ndani ya ndege iliyo angani huwa nyepesi, karibu sawa na ile ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mkazi wa Kericho hiyo ni hewa ya nyumbani. Lakini kifaa kilichojazwa Mombasa, kando ya bahari, huweza kutoa kimiminika ndege inapopaa, kwa kuwa hewa iliyofungiwa ndani yake hupanuka. Ni vyema kusafiri kikiwa kitupu.

Ndani ya ndege

Kuruhusiwa kubeba si kuruhusiwa kuvuta. Mashirika ya ndege hukataza matumizi ya sigara hizi tangu abiria anapoingia hadi anaposhuka, msalani kukiwemo. Vitambuzi vya moshi vilivyomo msalani huweza kuamshwa na mvuke, na kuvichezea ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

Ukali huo una historia. Mnamo Julai 11, 1973, ndege ya shirika la Varig la Brazil ilishika moto ulioanzia msalani ilipokaribia Paris. Watu 123 kati ya 134 waliokuwemo walifariki, na sigara ikashukiwa kuwa chanzo.

Aidha, ni marufuku kuchaji sigara ya kielektroniki au betri zake ndani ya ndege. Baada ya ndege ya Air Busan kuteketea ikiwa uwanjani nchini Korea Kusini mnamo Januari 2025, moto ambao wachunguzi waliuhusisha na chaja ya kubebeka, taifa hilo liliwataka abiria wakae na chaja hizo pamoja na sigara za kielektroniki karibu nao, wala si kwenye rafu zilizo juu ya viti.

Kifaa kikianza kupata joto, kufuka au kunuka, mwite mhudumu papo hapo. Usikifunike kwa blanketi, usikiwekee barafu, wala usikifiche kwa kuogopa kuaibika. Kikiteleza katikati ya kiti, usikisogeze kiti hicho, maana betri iliyobanwa huwaka.

Nchi zinazokataza

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Kanuni za ndege zinaweza kukuruhusu, nayo sheria ya nchi uendako ikakukamata.

Humu nchini, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 hukataza uvutaji katika maeneo ya umma na vyombo vya usafiri wa umma. Mswada wa marekebisho wa 2024, uliowasilishwa katika Seneti na Seneta Catherine Mumma, ulilenga kuziweka sigara za kielektroniki bayana chini ya sheria hiyo.

Majirani wamekuwa wakali zaidi. Uganda ilizipiga marufuku kupitia Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, inayokataza kuziingiza nchini na kuziuza. Ethiopia ilifanya hivyo kwa tangazo la kisheria la 2019, jambo la kuzingatiwa na Wakenya wengi wanaobadilisha ndege jijini Addis Ababa na pengine kulala huko.

Katika Ghuba, wanakokwenda vijana wengi kutafuta kazi, sheria hazifanani. Qatar hukataza kuziingiza na kuziuza. Oman hukataza kuziuza. Milki ya Falme za Kiarabu iliruhusu uuzaji wake mwaka wa 2019 kwa masharti. Yaani kifaa kinachouzwa dukani Dubai kinaweza kutwaliwa Doha.

India, wanakokwenda Wakenya wengi kwa matibabu, ilipitisha sheria mwaka wa 2019 inayopiga marufuku utengenezaji, uingizaji, uuzaji na uhifadhi wa sigara hizi. Thailand ilikataza kuziingiza mwaka wa 2014. Singapore tangu Februari 2018 huhesabu hata kumiliki kifaa kimoja kuwa kosa, na ikaongeza adhabu mwaka wa 2025. Hong Kong ilifunga mlango wa uingizaji Aprili 2022.

Kwa anayesafiri kwa kandarasi ya kazi, faini si hasara pekee. Kijana ambaye jamaa zake wameuza ng'ombe au kukopa chamani ili apate nauli huenda akarudishwa nyumbani kabla ya mshahara wa kwanza, na deni likabaki pale pale.

Mizigo ya kubebeshwa

Kanuni zote hizi zinahusu vifaa vya matumizi ya mtu binafsi. Miongozo ya kimataifa huweka ukomo wa betri 20 za akiba kwa abiria mmoja, ingawa mashirika mengine huruhusu chache zaidi. Anayebeba katoni ya kuuza hahesabiwi tena kuwa mvutaji. Anasafirisha shehena hatari, na maafisa wa forodha watamhesabu kuwa mfanyabiashara.

Kwa hivyo, usikubali kumbebea rafiki au wakala kifurushi ambacho hukukifunga mwenyewe. Uwanjani huulizwa nani aliyefunga mzigo, na jibu lako ndilo litakalokufunga wewe.

Kabla ya kuondoka

Usiku wa kuamkia safari, abiria na afanye mambo matano. Asome sheria ya nchi aendako na ya kila nchi atakakobadilisha ndege. Aangalie masharti ya shirika lake, kwa kuwa lina haki ya kuwa kali kuliko kanuni za kimataifa. Apekue mifuko yote ya sanduku, hata ile midogo ya pembeni. Azime kifaa na kufunga betri za akiba moja moja. Na akiwa na shaka, akiache.

Ushauri huo wa mwisho ndio ulio rahisi kuufuata angali nyumbani. Kapsoit, kifaa kinaweza kuachwa mezani na kukutwa siku ya kurejea. Mbele ya mtambo wa eksirei, aliyesindikizwa huwa ameagana na jamaa zake, na hakuna wa kumkabidhi.