Mbuzi Kumi na Wawili

Nyanya yangu, mama mzaa baba, alirudishwa kwao mwaka 1937. Hakuwa mgomvi, hakuwa tasa, hakuiba. Babu alikuwa na wake watatu katika vilima vya upande wa Kyondo, na mwaka ule alitaka kubatizwa. Misioni ilimtaka abaki na mmoja. Akabaki na mkubwa. Wawili wakaambiwa wafunge mizigo. Nyanya, aliyekuwa wa tatu, alitoka na jembe lake, chungu cha kupikia maharage, na mtoto wa kiume ambaye bado alikuwa akinyonya. Mtoto huyo ni baba yangu. Alipoachishwa ziwa walikuja kumchukua, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba.

Kisha ikaja habari ya mbuzi. Kwetu Wanande mahari ni mbuzi. Hata leo, dola zinapowekwa mezani, wazee bado wanazihesabu kwa mbuzi. Babu alikuwa ametoa mbuzi kumi na wawili, na mke akirudi kwao, mbuzi nao hurudi. Lakini mbuzi wale hawakuwa zizini. Kaka yake nyanya alikuwa ameolea hao hao, na waliowapokea walikuwa wamekwisha kuwatoa kwa ajili ya kijana wao. Kwa hiyo, kumrudisha mwanamke mmoja kulitikisa nyumba tatu ambazo padri hakuwahi hata kuzisikia. Wazee walikaa, wakaahirisha, wakakaa tena. Mwishowe kaka alikubali kulipa mbuzi mmoja kila mwaka. Nyanya alikaa katika boma la kaka yake miaka yote hiyo akijua kila mbuzi anayetoka ni deni lake yeye. Wifi yake hakumwacha asahau.

Alinisimulia haya nikiwa mvulana, huku akiambua maharage, bila kulia na bila kupandisha sauti. Nafundisha historia sekondari hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, tangu 1988, na kwa miaka mingi sikuwahi kudhani kwamba kisa chake ni historia. Kwangu kilikuwa maneno ya jikoni. Aliyenifungua macho ni mwanafunzi, tena katika somo la India.

Ilikuwa Septemba 2022. Miezi miwili nyuma, tarehe 26 Julai, katika maandamano ya kuwakataa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, walinda amani watatu waliuawa hapa mjini kwetu: mmoja wa Morocco na wawili wa India. Raia pia walipoteza maisha. Mji ulikuwa bado mzito. Wanafunzi wangu waliijua India kwa pikipiki za TVS zinazopanda na kushuka vilima vyetu tangu alfajiri, na kwa maandishi ya kwenye maboksi ya dawa katika zahanati. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, na Wahindi walitawaliwa?" Nikaona kwamba nikijibu kwa neno moja nitakuwa nimewakosea wote, yeye na wale wawili waliokufa mbali na kwao. Nikafuta ubao.

Niliwaeleza kuhusu Bengal, ambako Kampuni ya biashara ya Waingereza ilitawala kabla ya Malkia mwenyewe. Kulikuwa na desturi iitwayo sati: mume akifa, mjane huchomwa hai pamoja na maiti. Haikufanywa na wote wala kila mahali, lakini kati ya 1815 na 1828 maofisa wa Kampuni waliandika kwenye vitabu vyao visa 8,134 katika Bengal. Jambo linalonikereketa zaidi ni la kabla ya marufuku. Kwa miaka kadhaa serikali ilikuwa ikimtuma polisi kusimama kando ya kuni ahakikishe kwamba mjane amekubali, kwamba hakuleweshwa, hana mimba, na umri wake unatosha. Akiridhika, moto unawashwa. Fikiria mtu yule na daftari lake.

Aliyepaza sauti ni mwana wa desturi hiyo hiyo, Rammohun Roy, Mbrahmani msomi aliyejua Kisanskriti, Kiajemi na Kiarabu. Kuanzia 1818 aliandika kwa Kibengali, lugha ya watu wake, akachukua vitabu vitakatifu vya Wahindu na kuonyesha kwamba havimlazimishi mjane kufa. Tarehe 4 Desemba 1829 gavana Bentinck alipiga sati marufuku. Wapinzani waliunda chama chao Calcutta, wakakata rufaa hadi London. Roy akavuka bahari, akawa London rufaa ile ilipotupwa mwaka 1832, na mwaka uliofuata akafia Bristol. Hakurudi nyumbani.

Baada yake akaja Vidyasagar, mwalimu kama mimi, akapigania mjane aruhusiwe kuolewa tena. Sheria ikapita 1856. Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema mjane akiolewa tena anapoteza haki yake katika mali ya mume wa kwanza. Yapo matabaka ya chini ambako wajane walikuwa wakiolewa tena tangu zamani bila kumwomba mtu ruhusa, na mahakama nyingine zikawatwisha nao kifungu hicho. Sheria iliyotungwa ili kumnyanyua mjane wa tabaka la juu ilimnyang'anya shamba mjane wa tabaka la chini. Hapo nilisimama nikaandika neno "shamba" ubaoni na kulipigia mstari, maana wanafunzi wangu ni watoto wa wakulima.

Yule msichana akainua mkono tena. "Na wajane wenyewe waliulizwa?"

Nilikaa kimya. Kichwani mwangu hapakuwa na Calcutta tena. Palikuwa na mwanamke anayeambua maharage.

Jibu nililompa ni hili: mwanzoni, hapana. Waliozungumza ni magavana, makuhani na wasomi, wote wanaume, na mjane alikuwa hoja yao. Wanawake walijitokeza baadaye, tena kwa gharama kubwa. Savitribai Phule, pamoja na mumewe Jyotirao, alifungua shule ya wasichana Pune mwaka 1848, na akienda kufundisha alitupiwa tope na kinyesi njiani. Rukhmabai, aliyeozwa akiwa na miaka 11, alikataa kwenda kwa mume aliyechaguliwa na wengine. Mwaka 1887 mahakama ya Bombay, mahakama ya Waingereza hao hao waliojiita wakombozi wa wanawake, ikamwambia aende kwa mume au akae gerezani miezi sita. Akasema yuko tayari kwa gereza. Shauri likamalizwa mwaka uliofuata kwa kumlipa mume rupia 2,000, na Rukhmabai akasomea udaktari London, akarudi kutibu wanawake Surat.

Somo lilikwisha kengele ilipolia, ila kwangu lilikuwa limeanza. Nilitumia likizo ya Krismasi nikitafuta sheria zilizomhusu nyanya.

Misioni ya kwanza ilifika Beni mwaka 1906, ya mapadri wa Moyo Mtakatifu. Mwaka 1929 walikuja mapadri wa Assomption na Henri Piérard, na wakaenea katika vilima vyetu. Waprotestanti nao walikuwa Katwa. Kwa wote hao kanuni ilikuwa moja: mume mmoja, mke mmoja, ndipo maji ya ubatizo. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na njia yake. Tangu miaka ya 1910 mwanaume mwenye wake zaidi ya mmoja alilipa kodi ya nyongeza, kana kwamba mke wa pili ni bidhaa iliyovuka mpaka wa Kasindi. Kisha ikaja dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950: kuanzia Januari mosi 1951, ndoa yoyote mpya ya mke wa pili ni batili. Waliokuwa na wake wengi kabla ya tarehe hiyo waliachiwa, lakini hawakuruhusiwa kuhamia nao mjini. Hata kadi ya raia mwema, ile iliyotolewa tangu 1948 kwa Mwafrika aliyehesabiwa kuwa ameendelea, ilinyimwa mwenye wake wawili. Kadi zenyewe hazikufika 2,000 katika Kongo nzima.

Dekreti ile ilijadiliwa Brussels, katika Baraza la Koloni. Hapakuwa na Mkongomani hata mmoja kwenye kiti. Sisi hatukuwa na Rammohun Roy wa kuandika kwa Kinande au Kiswahili, wa kuketi na wazee na kuuliza mila yenyewe inasema nini kuhusu mwanamke anayerudishwa. Na mila ilikuwa na mengi ya kusema. Mwami, mtawala wa jadi wa Kinande, kwa mfano, hakuwa na wake kwa ajili ya starehe tu. Kulikuwa na mumbo, mke wa kimila, anayeingia naye katika utawala, na mtoto wake ndiye mrithi. Mumbo hakuwa lazima awe mke mpendwa. Alikuwa kama nguzo ya nyumba. Mwami aliyetaka kubatizwa alitakiwa kuchagua kati ya meza ya Bwana na mila iliyomkalisha kitini. Mtu aliyeandika sheria Brussels hakuwa na habari ya nguzo hiyo.

Naomba nieleweke. Sitetei ndoa ya wake wengi. Nyanya mwenyewe hakuitetea; aliniambia kwamba mke wa tatu hulima shamba la mbali zaidi, lenye mteremko mkali zaidi, na hupewa nyama mwisho. Mimi ni Mkatoliki, nina mke mmoja, na nikifa nitazikwa na kanisa hilo hilo. Ninachosema ni kwamba mageuzi yalimfikia kama mvua ya mawe inavyofikia maharage: bila kuuliza yameota kiasi gani. Waliosema wanamkomboa walimwacha bila mume, bila shamba, bila mtoto, na deni la mbuzi kumi na wawili juu yake. Babu alipata jina la Kikristo na nafasi kwenye benchi la mbele. Katika kitabu cha ubatizo kuna jina lake na la mke mmoja. La nyanya halimo.

Na ndoa za wake wengi hazikuisha. Zilivua jina tu. Mjini wakaanza kusema "ofisi ya pili", na mwanamke wa ofisi ya pili hana mahari, hana wazee wa kumsemea, hana hata mbuzi wa kurudishwa. Angalau nyanya alikuwa na kaka aliyekubali kulipa.

Sheria zetu za baada ya uhuru zilisogea polepole. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliendelea kukataza ndoa ya mke wa pili, lakini ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa matendo yake ya kisheria: mkataba, mahakama, biashara. Wanawake wa Butembo waliokuwa wakiendesha maduka walilazimika kubeba karatasi ya mume. Kifungu hicho kiliondolewa Julai 2016, na safari hii mashirika ya wanawake wa Kongo yalikuwa yamepiga kelele kwa miaka. Hayo ndiyo mageuzi ninayoyaheshimu.

Ila kuna jambo la leo ambalo halinipi usingizi. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wanauawa vijijini na mashambani, na kila mauaji yanaacha wajane. Wengi wao walilipiwa mahari mbele ya wazee wote, wakabarikiwa kanisani au hawakubarikiwa, lakini hawakuandikwa kwenye kitabu cha serikali. Mume akishazikwa, shemeji anakuja kuangalia mipaka ya shamba la kakao. Mjane anaulizwa cheti. Hana. Nimemsindikiza mmoja wao, mama wa mwanafunzi wangu, hadi mbele ya ofisa ambaye sitamtaja. Alisikiliza, akafunga daftari, akasema kwamba kwa mujibu wa karatasi mama huyo hakuwahi kuolewa. Alikuwa na watoto sita. Nilimkumbuka polisi wa Bengal na daftari lake.

Nyanya alifariki mwaka 1979, akazikwa kwa kaka yake. Deni la mbuzi lilikuwa limekwisha zamani. Mbuzi wa mwisho alitolewa baba yangu akiwa tayari anajifunza kusoma.

Basi nawaomba wanandoa wa Butembo na Beni wanaosoma haya. Bulengera, Kimemi, Mususa, Vulamba; Beu, Bungulu, Mulekera, Ruwenzori: kila komini ina ofisi ya kuandikisha ndoa. Nendeni wote wawili, mume na mke, na shahidi wa kila upande, mwandikishe ndoa yenu mkiwa hai na wazima. Na aliye na nyanya mwenye umri mkubwa, akae naye jioni moja na kalamu, aandike majina ya wanawake wa ukoo waliorudishwa kwao, na mwaka, na idadi ya mbuzi.