NGAO YA PEUGEOT 404: NILIIFUATA MUSOMA, BUNDA MPAKA BUTIAMA

Leo mastaa wapumzike kidogo, tuingie kwenye historia. Usikimbie bwana, humu kuna gari, kuna mpaka uliofungwa na kuna bibi mmoja mkali kuliko trafiki. Twende kazi.

Nyuma ya nyumba yetu pale Nyasho, Musoma, kuna Peugeot 404 ya marehemu babu. Iko juu ya mawe tangu sijazaliwa. Kuku wanataga kwenye siti ya nyuma. Mwaka jana baba mdogo akaja na jamaa wa skrepa, wakaizunguka, wakagonga mlango, wakaanza kukadiria kilo. Nikaomba jamani, nipeni miezi sita. Baba mdogo akaniangalia weee, halafu akasema: "Sijasema itembee. Isimame kwa matairi yake, iwe na uso wake kama kwenye picha. Ikipungua kitu, inaenda."

Picha yenyewe ipo ukutani sebuleni. Babu amesimama mbele ya gari, suruali pana chini, mkono kwenye boneti. Mbele ya bampa kuna ngao: vyuma viwili vimesimama, mabomba mawili yamelala katikati, na juu kuna vishikio vya taa mbili za ziada. Kwenye gari la leo ngao haipo. Yamebaki matundu manne tu kwenye vyuma vinavyoshika bampa.

Matairi niliyapata. Taa nilizipata. Ngao ndiyo iliyonitoa jasho, na katika kuitafuta nikajikuta nasoma historia ya mkoa wetu kuliko niliyofundishwa darasani.

KWA NINI KILA DEREVA ALIITAKA

Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960 huko Ufaransa, umbo lake likachorwa na Pininfarina wa Italia. Injini cc 1618, gia zipo kwenye usukani. Lakini kilicholipa jina huku kwetu ni mashindano ya East African Safari, yaliyokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu, na lililoshinda lilikuwa 404. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na gari lake ni hilo hilo. Mwaka 1968 likashinda tena. Safari hiyo yalianza magari 93, na yaliyomaliza ni 7.

Sasa wewe fikiria kijana wa Musoma anasikia hayo redioni. Magari ya Safari yalifungwa vyuma mbele kwa ajili ya wanyama na vichaka, pamoja na taa za kutoboa usiku. Basi na dereva wa teksi naye akataka gari lake liwe na sura hiyo. Siyo urembo mtupu lakini. Ukiendesha usiku upande wa Bunda, Serengeti iko jirani, na ng'ombe wa watu wako kila mahali. Ngo'mbe mmoja tu anatosha kukumaliza rejeta, na siku hiyo hamna kazi.

Ila shika hili, maana ndilo lililonisumbua: ngao haikutoka kiwandani. Peugeot walileta gari na bampa yake basi. Ngao ilitengenezwa na mafundi wa karakana za huku Afrika Mashariki, kila mmoja kwa mkono wake na kipimo chake. Hakuna namba ya spea. Hakuna kitabu. Majina ya mafundi wale hakuna aliyeyaandika.

MPAKA ULIPOFUNGWA

Babu alikuwa wa teksi. Alipakia watu Musoma, Tarime, Sirari, anavuka mpaka Kisii. Nyumbani wanasema ngao yake ilichomelewa Kisumu. Hiyo inaingia akilini, maana enzi hizo Kisumu ilikuwa kama jirani tu: kuna barabara, na kuna meli za reli ya Afrika Mashariki zilizozunguka ziwa zikigusa Kisumu, Musoma, Mwanza na Bukoba. Ukitaka spea unamwagiza dereva mwenzako, siku mbili tatu unayo.

Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Karibu miaka 7, wadau! Kwa mtu wa Dar inaweza kuwa habari ya kwenye gazeti. Kwa dereva wa Musoma ndiyo ruti yake imekatwa na ndiyo spea zake zimebaki ng'ambo. Wakati huo kuagiza magari kulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na fedha za kigeni zilikuwa za kubana. Nani ataidhinisha dola kwa ajili ya ngao ya teksi?

Bado watu hawajapumua, Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera. Malori, mabasi na magari ya watu yakachukuliwa kubeba askari. Vita vikaisha 1979, nchi ikabaki haina kitu. Babu akaanza kula gari lake mwenyewe: leo anauza kioo, kesho jenereta. Ngao iliondoka kipindi hicho. Aliyeinunua hakuna anayemkumbuka.

BUNDA NA UZI WENYE MAFUNDO

Nikaanza kutafuta. Mwigobero nikazunguka gereji mpaka wakaanza kuniita "mtoto wa ngao". Mzee mmoja fundi bodi, Mkurya, akanipa akili: "Mura, acha kuuliza kwa mdomo. Nenda na kipimo." Nikachukua uzi, nikaupitisha kwenye matundu manne ya gari letu, kila penye tundu nikapiga fundo. Ule uzi ukakaa mfukoni kama kitambulisho.

Bunda nikaelekezwa kwa fundi wa kuchomelea mwenye ngao kuukuu nyuma ya banda. Moyo ukadunda. Nikatoa uzi... wapi! Fundo la kwanza limekaa, la pili limepitiliza. Ilikuwa ya 504, gari lililotoka 1968, bampa yake ni nyingine kabisa. Fundi akasema naweza kulazimisha, nikate, nitoboe upya. Nikakataa. Akacheka, akaniambia ngao ya namna ya kwangu aliwahi kuiona kwenye mji mmoja Butiama. "Ila haipo kwenye gari," akasema.

BIBI WA BUTIAMA

Nikarudi mpaka Makutano, nikachukua bodaboda kwenda Butiama. Nilipita karibu na Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Nikawaza: Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, kuna Rolls-Royce waliyotumia magavana wa Kiingereza na baadaye Mwalimu. Inatunzwa, na ni sawa kabisa. Ila gari la dereva wa teksi linapimwa kwa kilo.

Nikafika. Shikamoo bibi. "Marahaba mjukuu wangu. Wewe ni wa nani?" Nikajieleza ukoo mzima. Nilipotaja ngao akaninyooshea mkono upande wa zizi.

Ilikuwa mlango wa mbuzi.

Vile vile kama kwenye picha. Vyuma viwili, mabomba mawili, vishikio vya taa bado vipo, kimoja kimefungiwa kamba. Nikaomba kupima. Uzi ukakaa. Fundo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Sikuamini.

Nikamuuliza imefikaje huku. Akakaa kwenye kigoda akanisimulia. Marehemu mume wake alikuwa na duka na 404 ya mizigo. Ngao ilipita kwa njia za panya wakati mpaka umefungwa. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu akiwa Sokoine, watu waliogopa mpaka vya halali. Wapo waliotupa mali zao usiku ili wasikutwe nazo. Mume wake akajiuliza: nikiulizwa chuma hiki kimetoka wapi, nitajibu nini? Akakifungua usiku, akakifukia migombani.

Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta bidhaa bila kuulizwa sana. Mzee hakuifukua. Bibi anasema hofu ilikuwa haijamtoka. Amekuja kuifukua kijana wao miaka mingi baadaye akilima, na gari lilishauzwa. Ndiyo ikawa mlango.

Nikatoa ofa. Akakataa. Nikapandisha. Nikasema nitamletea na geti jipya la zizi. Akanitazama kwa huruma kabisa: "Mume wangu aliificha kwa hofu. Wakati wa shida sikuiuza. Leo nikuuzie wewe ikapigwe rangi?" Nikanyamaza. Nikikosa ngao, gari la babu linaenda kwenye skrepa. Nikiipata, yeye anabaki na nini cha mzee wake?

Yeye ndiye aliyenitoa. Akasema: "Hata hii kuna mtu aliichomelea. Sasa mafundi wamekufa wote? Pima, piga picha, kachonge yako." Akanishikia uzi upande wa pili.

CHUMA KIPYA

Nikarudi Bunda na picha na vipimo. Yule fundi akamwita baba yake mzazi, maana kukunja bomba bila kulipasua wala kulibonyeza ni kazi ya wazee. Mzee akajaza mchanga mkavu ndani ya bomba, akaziba pande zote mbili, akalipasha moto mpaka likawa jekundu, ndipo akalikunja taratibu kwenye gogo. Akasema alifundishwa hivyo na Kalasinga mmoja enzi za ujana wake. Nikauliza jina la huyo Kalasinga. "Tulimwita Fundi," akajibu.

Kromu hatukuweza, tukapiga rangi ya fedha. Siku ya kufunga baba mdogo alikuwepo, mikono nyuma, haongei. Bolti nne zikaingia bila nyundo. Akaenda ukutani akaileta picha, akaishika mbele ya gari, akaangalia moja, akaangalia nyingine.

"Hii siyo yenyewe," akasema.

Nikamjibu kwamba hata ile ya babu haikutoka Ufaransa. Ilichomelewa na fundi wa huku huku, kwa macho na kipimo cha mkono, na sisi tumefanya hivyo hivyo. Hakusema kitu. Alipiga simu, akamwambia jamaa wa skrepa asije.

Gari bado halitembei, msije mkaniletea kadi za harusi. Kuku tumewahamisha. Mwezi ujao napeleka geti la zizi Butiama, maana niliahidi, hata kama ngao sikupewa. Bibi kasema mlango wake haumtoki, hilo geti nitafungie upande wa pili.

Wadau wa Mara, na nyie wa Kisumu na Kisii: nyumbani kwenu kuna bampa iliyogeuka ngazi, au ngao iliyogeuka uzio? Muulize babu au bibi leo, kabla jamaa wa kilo hajapita. Na ukipata jina la fundi aliyeitengeneza, hata moja tu, liache hapo chini tuliandike.