Chumba cha kupanga London: Wanijeria, ndoa na rangi ya ngozi

Kila mwaka promosheni ikimaliza, maneno ni yale yale: nani amepata burse, nani anangoja viza, nani atabaki. Leo nataka tuangalie historia ya watu walioanza safari hiyo mapema kuliko sisi, na tena waliandika sana mambo yaliyowapata kule: Wanijeria. Vitabu vya historia ya uhuru vinapenda kutuonyesha mwanafunzi Mwafrika anakaa London, anasoma sheria, anarudi kuwa waziri. Ni kweli, wapo. Lakini kabla ya sheria mtu alipaswa kulala mahali fulani. Na mlangoni mwa bayeri ndipo swali la rangi lilipomfikia, kisha likaingia naye chumbani, mpaka ndani ya ndoa yake na malezi ya watoto wake.

Wa kwanza hawakuwa wanafunzi peke yao. Vita ya kwanza ya dunia ilipoisha, mabaharia weusi wengi, wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Karibi, walikuwa wamekaa katika bandari za Uingereza: Liverpool, Cardiff, South Shields. Askari wazungu walirudi kutoka vitani wakakuta kazi ni haba na vyumba ni haba. Mwaka 1919 ghasia zikalipuka, nyumba walimolala weusi zikashambuliwa. Watu walilalamika juu ya kazi, ndiyo, lakini walirudi tena na tena kwenye jambo lingine: hawa wanaume wana mabibi wa kizungu.

Serikali ikasema warudishwe kwao. Hapo ndipo ilipojikwaa. Baharia wa Lagos ana bibi, bibi ni Mwingereza, wana watoto. Je, bibi amfuate bwana yake? Maofisa wa koloni walikuwa na jibu moja karibu kila mara: hapana. Sababu yao si ngumu kuielewa. Ukoloni ulisimama juu ya wazo kwamba mzungu yuko juu. Sasa mwanamke mzungu maskini, anayepika katika uwanja wa nyumba ya Mwafrika na kuchota maji pamoja na majirani, angeharibu hesabu yote mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo mwanaume alibaki na njia mbili: kukaa Uingereza bila kazi pamoja na familia yake, au kupanda meli peke yake. Kumbe serikali ile ile iliyohubiri ndoa ya Kikristo Nigeria iliweza kuvunja ndoa ya Kikristo kwa kunyima karatasi moja tu.

Wanafunzi walikuwa na hali nzuri kidogo, juu familia zao au vijiji vyao viliwalipia. Ladipo Solanke alitoka Abeokuta, akafika London mwaka 1922 kusoma sheria. Mwaka 1925 yeye na wenzake walianzisha chama cha wanafunzi wa Afrika Magharibi, WASU. Walikuwa na jarida lililoitwa Wasu, neno ambalo kwa Kiyoruba ni kuhubiri. Ukiangalia kazi zao, utaona siasa nyingi, lakini shida iliyowasukuma kila siku ilikuwa ya kitanda. Wenye nyumba wengi wa London walikataa mpangaji mweusi. Mwaka 1928 Marcus Garvey aliwasaidia kupata nyumba kwa muda. Kisha Solanke alizunguka Afrika Magharibi tangu 1929 mpaka 1932 akiomba michango, na katika safari hiyo alimwoa Opeolu Obisanya. Mwaka 1933 chama kikafungua nyumba yake Camden Road.

Opeolu ndiye aliyeisimamia nyumba ile. Alipika chakula cha kwao na kupokea vijana waliofika na baridi mifupani. Vitabu vinapenda kutaja wakubwa waliopitia chama kile, Nkrumah na wengine. Aliyepika anapewa mstari mmoja. Mimi naona bila sufuria zake mikutano mingi isingefanyika.

Wizara ya makoloni nayo ikafungua hosteli yake mwaka 1934, Aggrey House. WASU wakaikataa, juu waliona ni njia ya kuwachunga na kujua wanaongea nini usiku. (Tukumbuke kwamba wakati huo Mkongomani hakuwa hata na swali hilo. Wabelgiji walifunga mlango kabisa, na mpaka tunapata uhuru mwaka 1960 wenye diplome ya université kwetu hawakufika 30.)

Kuna kitu kimoja cha ajabu hapa. Nyumbani, mtu wa Abeokuta alikuwa Mwegba, jirani yake Mwijebu, na kila mmoja alijua tofauti. London iliwafanya wote kuwa Waafrika, tena kwa lazima, juu bayeri hakuuliza wewe ni wa kabila gani. WASU ilizaliwa na hali hiyo. Lakini London hiyo hiyo, mwaka 1945, Obafemi Awolowo na wenzake walianzisha Egbe Omo Oduduwa, chama cha Wayoruba peke yao. Anayejua mitualite zetu za wanafunzi hatashangaa. Ugeni unaweza kupanua jina lako, na unaweza pia kulirudisha kuwa dogo, na mara nyingi unafanya yote mawili katika jengo moja.

Miaka ya 1950 na 1960 wakaja wengi zaidi, na safari hii walikuja mke na mume. Mume anasoma, mke anafanya kazi ili kulipa minervali na kodi, na kama nguvu zipo anasoma yeye pia. Mtoto anazaliwa. Sasa chumba ni kimoja, mwenye nyumba hataki weusi, na akikubali weusi hataki watoto. Ndipo ikaenea desturi ambayo Wanijeria wengi wa Uingereza hawapendi kuizungumzia mpaka leo: kumpeleka mtoto kulelewa na familia ya wazungu, mara nyingi mbali na London, kwa malipo ya kila wiki. Tangu katikati ya miaka ya 1950 wazazi waliweka matangazo katika jarida la Nursery World kutafuta walezi. Watoto waliolelewa hivyo walikuwa maelfu.

Tusiwahukumu haraka. Nigeria, kama kwetu, mtoto kukaa kwa shangazi au kwa mjomba ni jambo la kawaida, na hakuna anayesema ametupwa. Wazazi walidhani wanafanya kitu kile kile, tena kwa faida ya Kiingereza kizuri. Lakini yule mama wa kizungu hakuwa shangazi. Hakujua lugha, hakujua jina la babu, na pengine baada ya miaka mitano alimpenda mtoto kama wake na hakutaka kumrudisha. Mwigizaji Adewale Akinnuoye-Agbaje, aliyezaliwa 1967, alilelewa hivyo Tilbury. Alipopelekwa Nigeria akiwa bado mtoto, hakuweza kuongea na watu wake. Akarudishwa Uingereza, na ujanani akajiunga na kundi la vijana wazungu waliochukia weusi, wale wale waliokuwa wanampiga. Mwaka 2018 alitoa filamu juu ya maisha hayo, Farming.

Mtu aliyeandika hayo yote kutoka ndani ya chumba ni Buchi Emecheta. Alizaliwa Lagos mwaka 1944, wazazi wake wakiwa Waigbo wa Ibusa. Aliolewa na miaka 16, na mwaka 1962 akamfuata bwana yake London na watoto wawili. Angalia mwaka huo: Julai 1962 ndipo Uingereza ilipoanza kuzuia raia wa makoloni na wa nchi zilizokuwa makoloni yake kuingia bila masharti. Wengine walifika mlango ukiwa unafungwa.

Katika riwaya yake Second-Class Citizen, ya mwaka 1974, ambayo inafuata maisha yake mwenyewe kwa karibu, mama kijana Adah anatafuta chumba kwa simu. Anafanya mazoezi ya kubadilisha sauti ili bayeri asijue ni Mwafrika. Inafaulu kwenye simu. Mlangoni, mama mzungu anawaona, na chumba kinageuka kuwa kimeshachukuliwa. Lakini mimi sehemu inayonigusa zaidi ni nyingine. Kabla ya hapo waliomfukuza Adah kwenye nyumba ya kwanza walikuwa Wanijeria wenzake. Kosa lake? Alikuwa Mwigbo kati ya Wayoruba, alikuwa na kazi nzuri ya maktaba, na alikataa kupeleka watoto wake kwa wazungu. Na mwisho anayewapa chumba ni mzee Mnijeria mwenye bibi mzungu.

Ndani ya chumba hicho ndoa inakufa. Emecheta hakusingizia ubaguzi kila kitu, na ndiyo sababu wanaume wengi walimkasirikia. Bwana aliyeshindwa mitihani na kudharauliwa barabarani alirudi nyumbani kutafuta mahali pa kuwa mkubwa. Emecheta mwenyewe aliandika riwaya yake ya kwanza, na bwana yake akaichoma moto. Mwaka 1966, na miaka 22, akiwa na watoto wanne na mimba ya tano, aliondoka. Alikuwa anaandika alfajiri kabla watoto hawajaamka, akasoma sosiolojia katika Chuo Kikuu cha London akapata diplome, na ile riwaya iliyochomwa akaiandika upya: The Bride Price, 1976.

Na kurudi nyumbani? Petroli ya miaka ya 1970 iliwavuta wengi kurudi. Aliyerudi aliitwa been-to, heshima na kejeli pamoja, karibu kama sisi tunavyosema mikiliste. Kizazi cha baadaye, kilichokwenda Marekani, kikapata jina lingine, Americanah, ambalo Chimamanda Ngozi Adichie alilifanya kichwa cha riwaya yake mwaka 2013. Mabibi wa kigeni waliokuja na mabwana zao Wanijeria walianzisha chama chao Lagos mwaka 1979, Nigerwives, juu nao walikuwa wageni katika nyumba za mashemeji. Sheria iliwafikiria angalau kidogo: katiba ya 1999, kifungu cha 26, inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mnijeria kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanaume wa kigeni aliyemwoa Mnijeria hana nafasi hiyo. Dada anayerudi na bwana wa Kijerumani au wa Kikongo anatafutia karatasi za kukaa katika nchi yake mwenyewe. Maofisa wa 1919 walikuwa na fomu inayofanana.

Emecheta alijaribu kurudi. Mwaka 1980 alikwenda kufundisha Calabar, na kutoka huko akatoa riwaya Double Yoke, juu ya wapenzi wawili wa université: kijana anataka bibi mwenye diplome, lakini diplome hiyo isiongee nyumbani. Mwaka ulipoisha alirudi London. Huko kaskazini mwa mji, Crouch End, aliishi miaka mingi katika nyumba yake mwenyewe, mpaka alipofariki Januari 2017.