Kidakuzi

Kidakuzi (wingi: vidakuzi) ni kipande kidogo cha data ambacho tovuti hukihifadhi katika kivinjari ili imtambue mtumiaji anaporudi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, Marekani.

Kidakuzi cha tovuti yenyewe kina manufaa: bila hicho mtu angeombwa nywila kila afunguapo ukurasa. Kinachostahili kuogopwa ni vidakuzi vya wahusika wengine. Kampuni za matangazo huvipachika katika tovuti nyingi, zikamfuata mtu huyohuyo anaposoma habari, anapotafuta dawa au anapoulizia mkopo, hadi zimjue kuliko anavyodhani. Kivinjari cha Safari katika iPhone huvizuia chenyewe tangu 2020. Katika Chrome ya Android, mtumiaji huvizuia mwenyewe kupitia Mipangilio.

Kufuta vidakuzi vyote humtoa mtu katika akaunti zake, kwa hiyo ahakikishe kwanza anazikumbuka nywila. Hali fiche ya kivinjari (incognito), ambayo wengi huiamini kupita kiasi, hufuta vidakuzi kurasa zake zote zikifungwa, lakini haimfichi mtumiaji kwa kampuni inayompa intaneti.

Kwa upande wa sheria, Kenya ilitunga sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022.