Kutoka Kitaluni hadi Jerahani: Historia Fupi ya Kuotesha Tabaka za Ngozi

Mnamo Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara iunganishayo Lubumbashi na Kolwezi, lori lililobeba asidi ya salfuriki liligongana na magari mengine, na asidi ikawamwagikia abiria. Watu wasiopungua 18 walifariki. Asidi hiyo si ngeni kwa wakazi wa Mutoshi, mahali palipoitwa Ruwe zama za ukoloni: ndiyo iyeyushayo shaba na kobalti kutoka katika mawe ya migodini. Kwa hiyo swali la namna ya kumrudishia binadamu ngozi iliyoungua linatuhusu kwa karibu. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya jibu mojawapo, kisha kuyapima maneno yanayoweza kulibeba kwa Kiswahili.

Mwaka 1869, Jacques-Louis Reverdin, tabibu kijana wa Kiswisi aliyekuwa Paris, alichukua vipande vidogo vya ngozi ya mgonjwa na kuviweka juu ya kidonda. Vikashika na kuenea. Kutokana na mwanzo huo ulikua upasuaji wa kuhamisha ngozi unaotumika hadi leo. Hata hivyo, njia hiyo ina mpaka wake: aliyeungua karibu mwili mzima hana ngozi ya kukatwa.

Mpaka huo ulivukwa Marekani. Kabla ya hapo, seli za ngozi ya juu zilikuwa ngumu kuoteshwa nje ya mwili, kwa kuwa seli za tishu nyingine zilizisonga kama magugu yasongavyo mche. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green waliziotesha juu ya seli za panya zilizokwisha kupigwa mionzi, zisizoweza tena kuzaliana lakini zenye kuendelea kuzilea nyingine. Kobalti-60 ni mojawapo ya vyanzo vya mionzi ya gama itumikayo kwa kazi ya namna hiyo, nayo hutengenezwa kwa kobalti ya kawaida ndani ya kinu cha nyuklia. Ikumbukwe kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo.

Mwaka 1979 Green na wenzake, miongoni mwao Olaniyi Kehinde, walionyesha kwamba seli hizo, zikisongamana na kushikana, huweza kubanduliwa kwa kimeng'enya zikiwa tabaka zima. Mwaka 1983 watoto wawili ndugu, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao, walitibiwa mjini Boston kwa tabaka zilizooteshwa kutokana na vipande vidogo vya ngozi yao wenyewe. Takriban nusu ya miili yao ilifunikwa hivyo, wakaishi.

Huko Japani, Teruo Okano na wenzake walibuni chombo ambacho uso wake huziachia seli joto lishukapo chini ya nyuzi 32, bila haja ya kimeng'enya. Mwaka 2004 iliripotiwa kwamba wagonjwa wanne walipandikizwa machoni tabaka zilizooteshwa kwa seli za vinywa vyao. Mwaka 2015, nchini Ujerumani, mtoto kutoka familia ya wakimbizi wa Syria, mwenye maradhi ya kurithi ya ngozi, alirudishiwa takriban asilimia 80 ya ngozi yake ya juu baada ya seli zake kutiwa nakala ya jeni isiyo na kasoro.

Sasa tuyatazame maneno. Kiswahili hakikuingia katika uwanja huu mikono mitupu. Kupandikiza ni kazi ya mkulima: mche hukuzwa kitaluni, hung'olewa kwa uangalifu, hupelekwa shambani. Mpangilio huo ndio uliofuatwa maabarani, hatua kwa hatua. Ugumu uko katika kukitaja kile kinachobanduliwa. "Shuka la seli" humpeleka msikilizaji kitandani. "Utando wa seli" tayari hutumika kwa ganda jembamba linaloizunguka seli moja. Kwa maoni yetu "tabaka la seli" ndilo linalofaa, maana halina mgongano na lolote kati ya hayo.

Huenda msomaji akauliza faida ya mjadala huu mahali ambapo kuotesha ngozi kungedai umeme usiokatika, joto la nyuzi 37 usiku na mchana, na majuma matatu au zaidi ya kumhifadhi mgonjwa hai. Ni kweli kwamba aliyemwagikiwa asidi huhitaji kwanza maji mengi, tena papo hapo. Ni kweli pia kwamba tabaka hilo ni dhaifu, kwa kuwa halina ngozi ya ndani ya kulishikilia. Lakini mambo hayo yote mgonjwa hana budi kuelezwa kabla hajatoa idhini ya kukatwa kipande cha ngozi yake. Asipoelezwa kwa lugha anayoielewa, atakuwa ametia sahihi tu, hatakuwa ameridhia. Jukumu la kumwandalia maneno hayo ni letu sisi tunaofundisha lugha, na halihitaji kusubiri maabara ijengwe.