Mazoea, Mazoezi na Mwendo

Mazoea na mazoezi ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza limetoka kwenye zoea, la pili kwenye zoeza, yaani kumfanya mtu azoee. Siku hizi tukisema mazoezi tunaona viatu maalumu, uwanja na filimbi ya mwalimu, kana kwamba ni kazi ya Jumamosi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na hilo halitekelezeki kwa Jumamosi peke yake. Linataka jambo lililozoeleka. Kijana anayekwenda shule kwa miguu kila asubuhi yumo mazoezini, na lugha yetu imelisema hilo kwa mzizi mmoja tu.

Ndiyo maana silipendi sana neno "mtindo wa maisha" kwa mambo ya namna hii. Mtindo huja na kupita, leo nywele hivi, kesho vile. Mazoea hukaa na mtu.

Sasa, kwenda kwa miguu au kwa baiskeli tukuiteje kwa pamoja? "Usafiri hai" utatulazimisha kuuliza ni upi basi ulio mfu. "Usafiri amilifu" ni sahihi kwa sarufi, lakini mwanafunzi wa kidato cha pili ataupita bila kuugusa. Kikwazo kingine ni neno usafiri lenyewe: ndani yake mna safari, na sikio la leo husikia chombo na nauli. Nyumbani hadi shuleni si safari. Napendekeza "mwendo wa mwili". Mwendo ni mtoto wa enda, na nduguze ni mwenendo na maendeleo, maneno mawili ambayo mzazi yeyote humtakia mwanawe.

Mitaani lipo neno jingine la kwenda kwa miguu, kuchapa lapa, na lina uchungu wake. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyekataliwa na konda kwa sababu ya nauli yake ndogo, akaondoka kituoni na mkoba mgongoni juani, huyo anachapa lapa. Mguu ni uleule, barabara ni ileile, ila hakuchagua. Tusimfunike kwa istilahi nzuri. Maneno yote mawili tuyatunze, kila moja na ukweli wake.

Tuje kwenye "afya ya akili". Serikali ya Tanzania ililiweka katika jina la sheria ya mwaka 2008, nami sidai lifutwe. Lakini akili kwetu ni ile ya kufaulu mtihani, na "hana akili" ni tusi. Kijana akiambiwa afya yake ya akili imeyumba, anaiona Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, anakaa kimya. Huenda akili yake ni kali kama wembe. Kinachouma ni nafsi. Elimunafsi, yaani saikolojia, tunayo tayari. Kwa nini tusiseme "afya ya nafsi"?

Katika maradhi yenyewe Kiswahili hakina njaa. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, ni neno zuri kwa kuwa linauma hata kulitamka. Mtu husonona taratibu, ndani kwa ndani. Msongo, ule wa mawazo, umetoka kwenye songa, kitenzi cha kubana na kukaba, na kitenzi hichohicho ndicho kinachotuambia tusonge mbele.

Lililonifurahisha kuliko yote ni punga. Mganga hupunga pepo ili mgonjwa apate nafuu. Watu wa Unguja jioni huenda bustani ya Forodhani kupunga upepo. Pepo na upepo ni mzizi mmoja, na kitenzi ni kimoja. Kabla utafiti wowote haujapima mwendo na huzuni za vijana, wazee walikuwa wameshatumia neno moja kwa kumtibu mtu na kwa kumtoa nje apate hewa. Mshauri wa shule anayemwambia kijana "nenda kapunge upepo kidogo" hajampuuza, mradi asiishie hapo kwa aliyezidiwa.

Mwalimu, mhariri, mtangazaji, yajaribuni haya: mazoea, mwendo wa mwili, afya ya nafsi. Yatumieni mbele ya vijana msikie wao wanayapokeaje. Na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililokabidhiwa kazi hii tangu 1967, liyapime. Yakionekana hafifu, litupe yaliyo bora.